Mwanga Unaogundua Dripu Inayovuja Chini ya Ngozi

Dripu huvuja pale maji, damu au dawa iliyokusudiwa kuingia kwenye mshipa inapotoka nje yake na kujikusanya kwenye nyama zilizo chini ya ngozi. Jambo hili hutokea kwa njia kadhaa. Kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki unaobaki ndani ya mshipa baada ya sindano kutolewa, inaweza kutoboa ukuta wa mshipa mgonjwa anapojigeuza kitandani. Inaweza pia kuchomoka kidogo plasta inapolegea kwa jasho. Mara nyingine mshipa wenyewe huchokozwa na dawa kali, huvimba, na maji huanza kupenya pale kanula ilipoingilia. Mapitio ya tafiti za kimataifa yanaonyesha kwamba kati ya theluthi moja na nusu ya kanula zinazowekwa hospitalini hushindwa kufanya kazi kabla matibabu hayajakamilika, na kuvuja ni miongoni mwa sababu kuu.

Tangu dripu ianze kutumika, uvujaji huo umekuwa ukigunduliwa kwa macho na vidole vya muuguzi. Miaka ya karibuni wahandisi wa vifaa tiba wamegeukia mwanga, hasa ule usioonekana kwa macho, ili kuutambua kabla mkono haujavimba. Kanuni zake ni zilezile zinazotumika katika kipima oksijeni kinachobanwa kidoleni, kifaa kilichofahamika kwa watu wengi wakati wa UVIKO-19.

Madhara ya dripu iliyovuja

Ukubwa wa madhara hutegemea kilichovuja, kiasi chake na muda uliopita kabla ya mtu kugundua. Maji ya kawaida ya chumvi yakivuja kidogo, mwili huyafyonza na uvimbe hupungua baada ya siku moja au mbili. Hata hivyo mgonjwa amekosa maji aliyoyahitaji. Kwa mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha au ambaye sukari yake imeshuka, kukosa huko kunaweza kuwa hatari kuliko uvimbe wenyewe.

Dawa kali hufanya zaidi ya kuvimbisha. Glukosi nzito ya asilimia 50, kalsiamu, potasiamu, dawa ya degedege aina ya fenitoini, na dawa za kupandisha shinikizo la damu kama noradrenalini huweza kuunguza nyama. Ngozi hutoka malengelenge, hubadilika rangi, kisha hufa na kuacha kidonda kinachoweza kuhitaji upasuaji wa kuhamishia ngozi kutoka sehemu nyingine ya mwili. Dawa za saratani kama vinkristini na doksorubisini ziko katika kundi hilohilo. Doksorubisini hung'ang'ania ndani ya seli, na kidonda chake huweza kuendelea kupanuka kwa wiki nyingi.

Kuna hatari ya tatu, nayo ni mgandamizo. Maji mengi yakijaa kwenye mkono mdogo wa mtoto, hata kama si dawa kali, shinikizo lake huweza kubana mishipa ya damu na ya fahamu hadi vidole vikapoteza uhai. Mtoto mchanga, mgonjwa aliyepoteza fahamu na yule aliyepewa dawa ya usingizi ndio walio hatarini zaidi, kwa kuwa hawawezi kusema kwamba mkono unauma.

Nani anawekewa dripu Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 1,152,958, waliotawanyika kutoka mwambao wa Ziwa Tanganyika huko Karema hadi Inyonga, na kutoka Mishamo hadi mashamba ya mpunga ya Mpimbwe. Makundi matatu ya wagonjwa yanaonyesha kwa nini uvujaji wa dripu ni jambo la kufuatiliwa katika mkoa wa namna hii.

La kwanza ni watoto wenye malaria kali. Hadi mwanzoni mwa muongo wa 2010, mtoto wa namna hiyo alipewa kwinini, dawa iliyotiririshwa kwa dripu kwa takribani saa nne na kurudiwa kila baada ya saa nane. Mkono mmoja ulikuwa hatarini kwa sehemu kubwa ya siku. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliopewa kwinini walifariki kwa asilimia 10.9, na waliopewa artesuneti kwa asilimia 8.5. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti kwa watoto. Dawa hiyo huchomwa kwa dakika chache tu, hivyo pamoja na kuokoa maisha ilipunguza saa za mtoto kukaa na dripu. Mwaka huohuo utafiti mwingine, FEAST, uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda kwa watoto 3,141, ulionyesha kwamba kumimina maji mengi kwa haraka kwa watoto wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri kuliongeza vifo badala ya kuvipunguza. Somo lake linahusu pia uvujaji: dripu isiyo ya lazima ni hatari isiyo ya lazima. Zinabaki zile za lazima, yaani damu kwa mtoto aliyepungukiwa damu sana na glukosi kwa yule ambaye sukari yake imeshuka.

La pili ni wanawake wanaojifungua. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16, asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Mimba za umri mdogo huambatana na matatizo mengi ya uzazi. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hutegemea mshipa mmoja au miwili kupokea oksitosini, maji na damu. Dripu yake ikivuja bila kujulikana, dawa ya kukaza kizazi haifiki kwa wakati.

La tatu ni wagonjwa wa saratani. Saratani ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, huwapata zaidi watoto wa maeneo yenye malaria nyingi na mara nyingi huanza kwa uvimbe wa taya. Tiba yake ni dawa za mishipani, vinkristini ikiwa mojawapo, na hutolewa katika hospitali kubwa kama Bugando ya Mwanza na Muhimbili ya Dar es Salaam. Mtoto aliyetoka Mpanda hurudi nyumbani mamia ya kilomita baada ya dozi, na kidonda cha dawa iliyovuja huweza kujitokeza akiwa tayari mbali na waliomtibu.

Mwanga unavyopita ndani ya nyama

Jicho la binadamu huona mwanga wenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kutoka zambarau hadi nyekundu. Mwaka 1800 mwanaastronomia William Herschel, akipima joto la rangi za mwanga wa jua nchini Uingereza, aligundua kwamba kuna mionzi mingine ng'ambo ya nyekundu ambayo haionekani lakini inapasha joto. Hiyo ndiyo mionzi ya infraredi. Sehemu yake iliyo karibu na nyekundu, kuanzia nanomita 700 hadi 1,000 hivi, ina sifa muhimu kwa tiba: hemoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, huinyonya kwa kiasi kidogo kuliko inavyonyonya mwanga wa kijani au wa bluu. Kwa hiyo mionzi hiyo huweza kupenya milimita nyingi ndani ya mwili. Mwaka 1977 mwanasayansi Frans Jöbsis alionyesha kwamba inaweza kupita kwenye fuvu na kuleta taarifa kuhusu oksijeni ya ubongo.

Ndani ya nyama mwanga haupiti moja kwa moja. Hugonga nyuzi, kuta za seli na chembe ndogondogo, ukatawanyika kila upande. Sehemu yake hunyonywa, na sehemu nyingine hurudi juu ya ngozi. Kihisi kilichowekwa milimita chache kutoka kwenye taa huweza kupima kiasi kilichorudi.

Dripu ikivuja, mambo matatu hubadilika. Kwanza, maji husukuma nyuzi na seli zikaachana, hivyo mwanga hupata vitu vichache vya kugonga, unazama zaidi na unarudi kwa uchache. Ndicho kinachotokea kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi: palipoloa mafuta, mwanga hupenya badala ya kurudishwa, na karatasi huonekana kama kioo. Pili, damu iliyokuwa katika kipande hicho cha nyama husogezwa na maji, na kiasi cha hemoglobini mbele ya kihisi hushuka. Tatu, kiasi cha maji huongezeka, na maji hunyonya infraredi kwa nguvu karibu na nanomita 970. Kifaa kinachotuma mawimbi ya urefu tofauti na kulinganisha yanayorudi huweza kutambua mabadiliko hayo wakati maji yaliyovuja bado ni kidogo na ngozi haijainuka.

Aina za vifaa

Njia rahisi kuliko zote ni tochi. Taa yenye mwanga mkali usio na joto ikigusishwa chini ya kiganja cha mtoto mchanga katika chumba chenye giza, kiganja hung'aa kwa wekundu na mishipa huonekana kama mistari myeusi. Wauguzi wa watoto wachanga hutumia njia hii kutafutia mshipa. Mahali palipojaa maji hung'aa kwa eneo pana, na mistari ya mishipa hufifia. Njia hii hufaa kwa mikono myembamba tu. Kwa mtu mzima mwanga hauwezi kupita upande wa pili. Taa inayotoa joto haifai kabisa, kwa kuwa ngozi ya mtoto mchanga huungua upesi.

Aina ya pili ni kamera za kutafutia mishipa, kama VeinViewer na AccuVein zinazouzwa kutoka Marekani. Hizi humulika mkono kwa infraredi, hupiga picha ya mwanga unaorudi, kisha huchora ramani ya mishipa juu ya ngozi ileile kwa mwanga unaoonekana. Damu ya kwenye vena hunyonya infraredi kuliko nyama inayoizunguka, kwa hiyo mshipa hutokea kama mstari mweusi. Kazi yake kubwa ni kumwezesha muuguzi kuchagua mshipa mnyoofu na imara, na kanula iliyowekwa vizuri tangu mwanzo huwa na nafasi ndogo ya kuvuja. Kamera hizo huonyesha hali ya dakika ile tu zinapomulika; muuguzi akiondoka nazo, hakuna kinacholinda.

Aina ya tatu hulinda muda wote. Kihisi kidogo hubandikwa kwa plasta karibu na ncha ya kanula, hutuma mwanga unaoonekana pamoja na infraredi, na hulinganisha kila kipimo na kile cha mwanzo. Mabadiliko yakizidi kiwango kilichowekwa, kifaa hulia au huwasha taa. Kifaa kinachojulikana zaidi katika kundi hili ni ivWatch, kilichobuniwa katika jimbo la Virginia nchini Marekani, na kimetumika hasa katika hospitali za watoto. Hakitibu wala hakizuii uvujaji. Faida yake ni kufupisha muda kati ya tone la kwanza kuvuja na muuguzi kufika kitandani.

Aina ya nne ni kamera za joto. Hizi hazitumi mwanga. Hupokea infraredi ndefu inayotolewa na ngozi yenyewe. Dripu ikiwa na ubaridi kuliko mwili, mahali ilipovuja hutokea kama doa la baridi. Watafiti wa uuguzi nchini Japani wameichunguza njia hii kwa wagonjwa wanaopewa dawa za saratani. Katika wodi ya Mpanda mwezi Oktoba, joto la mchana linapopanda, chupa ya dripu nayo hupata joto, na tofauti kati yake na ngozi hupungua. Njia inayofanya kazi vizuri katika wodi yenye kiyoyozi hupoteza nguvu mahali pa namna hiyo.

Rangi ya ngozi na ukweli wa kipimo

Melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake, hunyonya mwanga. Huunyonya zaidi mwanga wa bluu na wa kijani, na kupungua kadiri mawimbi yanavyorefuka kuelekea infraredi. Kwa hiyo infraredi inafaa zaidi kwa ngozi nyeusi kuliko mwanga unaoonekana, lakini haimaanishi kwamba rangi haina athari yoyote.

Fundisho kubwa limetokana na kipima oksijeni. Kifaa hicho, kilichotokana na wazo la mhandisi Takuo Aoyagi wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970, hulinganisha mwanga mwekundu na infraredi. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha uchambuzi wa wagonjwa ambao kifaa kilionyesha wana oksijeni ya kutosha. Kipimo cha damu kilipofanywa, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilionyesha oksijeni iko chini kwa kiwango cha hatari, ikilinganishwa na asilimia 3.6 kwa wagonjwa weupe. Kifaa kilikuwa kimetumika kwa miongo mingi kabla kasoro hiyo haijashughulikiwa kwa uzito unaostahili. Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka vipima oksijeni vijaribiwe kwa watu wa rangi nyingi zaidi za ngozi.

Vihisi vya uvujaji vina nafuu moja: havitafuti namba kamili, bali hufuatilia mabadiliko kwa mgonjwa yuleyule. Ngozi yake ya saa mbili zilizopita ndiyo kipimo cha kulinganishia. Hata hivyo, mwanga unaorudi ukiwa hafifu, badiliko dogo huweza kupotea. Swali la kwanza kwa anayetaka kuleta kifaa hiki Tanzania linapaswa kuwa kama kilijaribiwa kwa watu wenye ngozi nyeusi, wangapi, na matokeo yao yalikuwaje. Hina na piko pia huhesabiwa: rangi nyeusi iliyochorwa kwenye kiganja hunyonya mwanga, kwa hiyo kihisi hubandikwa mahali pasipochorwa.

Suala la rangi linahusu hata macho ya mhudumu. Vitabu vingi vya uuguzi hutaja wekundu na weupe wa ngozi kama dalili za mwanzo za uvujaji, na dalili hizo hazionekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi. Kwa mgonjwa wa Katavi, ngozi kukaza, kung'aa, kuwa ya baridi na kuuma inapoguswa ni dalili za kuaminika kuliko rangi.

Mazingira ya wodi

Kifaa cha mwanga huingia katika mazingira yenye masharti yake. Jua la dirishani lina infraredi nyingi, hivyo kihisi hufunikwa ili kisichanganyikiwe. Mtoto anayerusharusha mkono hutikisa kipimo na kusababisha kengele zisizo za kweli, na wodi ikizoea kengele za uongo hata ile ya kweli hupuuzwa. Mgonjwa aliyekuwa amevimba tangu mwanzo, kwa utapiamlo au ugonjwa wa figo, ana maji mengi chini ya ngozi kabla dripu haijawekwa.

Umeme ni sharti jingine. Katavi ilikaa miaka mingi nje ya Gridi ya Taifa ikitegemea jenereta, na kifaa kinachofaa mkoa wa namna hiyo ni chenye betri ya kudumu usiku mzima. Vihisi vinavyotumika mara moja na kutupwa huongeza gharama kwa kila mgonjwa, na kifaa kisicho na fundi wa karibu huishia stoo kikiharibika. Vifaa tiba vyote vinavyoingia nchini husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kwa hospitali ya mkoa, mahali pa kuanzia panapoeleweka ni wodi ya watoto wachanga na chumba cha wagonjwa mahututi, ambako mgonjwa hawezi kusema na dawa ni kali. Kwa zahanati, tochi nzuri, plasta inayoshika na kanula za ukubwa unaomfaa mtoto huleta faida kubwa zaidi kwa fedha ileile.

Kuangalia, kugusa na kuchukua hatua

Chama cha wauguzi wa dripu cha Marekani hupendekeza mahali pa kanula paangaliwe angalau kila saa nne kwa mtu mzima mwenye fahamu, kila saa moja au mbili kwa mgonjwa mahututi, kila saa kwa mtoto, na mara nyingi zaidi dawa inapokuwa kali. Muuguzi huangalia, hugusa, kisha hulinganisha mkono wenye dripu na ule mwingine. Plasta huachwa ikiwa wazi pale kanula ilipoingilia, maana bandeji nene huficha uvimbe. Dripu kuendelea kushuka hakuthibitishi kwamba inaingia mshipani, kwa kuwa nyama laini hupokea maji mengi kabla ya kukaza.

Ndugu anayeuguza ana nafasi kubwa, kwa sababu yeye hukaa kitandani muda mrefu kuliko mhudumu yeyote. Mkono ukivimba au kukaza, ngozi ikiwa ya baridi, plasta ikiloa, dripu ikipunguza kasi bila sababu, au mtoto akilia kila mkono unapoguswa, amwite muuguzi papo hapo bila kusubiri zamu ya kupita.

Muuguzi husimamisha dripu kwanza. Kama ni dawa kali, kanula haichomolewi mara moja: huunganishwa na bomba la sindano ili kuvuta nje dawa inayoweza kurudi, ndipo huondolewa. Mkono huinuliwa, mipaka ya uvimbe huchorwa kwa kalamu, na saa, jina la dawa na kiasi kinachokadiriwa kuvuja huandikwa kwenye faili. Kukanda kwa maji ya moto, jambo linalofanywa na familia nyingi kwa nia njema, kusifanyike bila agizo. Vinkristini iliyovuja hutulizwa kwa joto la wastani, doksorubisini kwa ubaridi, na mkono uliokufa ganzi huweza kuungua bila mgonjwa kuhisi. Kwa baadhi ya dawa ipo tiba mahususi, kama hayaluronidesi, kimeng'enya kinachosaidia maji yaliyovuja kusambaa na kufyonzwa, na deksrazoksani kwa doksorubisini. Tiba hizo hufaa zikitolewa ndani ya saa chache. Hapo ndipo thamani ya kifaa cha mwanga inapopimwa: saa kinazookoa zina maana pale tu kengele inapolia na mtu aliyefunzwa akafika, akafunga dripu na kuanza tiba.